Mwacheni Bibi Ainuke

Mazungumzo ya leo nayaelekeza zaidi kwenu vijana na watu wa makamo, nyinyi mnaoishi na mama, baba, bibi au babu nyumbani. Lakini wazee wenyewe msizime redio, maana baadaye nitawaomba msimame.

Nina ugomvi na aina moja ya huruma. Bibi anajikwaa kizingitini asubuhi, anapiga goti chini, anainuka, anajipangusa vumbi. Hajavunjika, hajatoka damu. Lakini kuanzia siku hiyo nyumba nzima inamlinda kama mahabusu. Ndoo asishike. Ufagio ananyang'anywa. Msimu wa korosho ukifika, wenzake wanaenda kuokota, yeye anaambiwa abaki nyumbani. Anatandikiwa mkeka barazani, anasogezewa uji, anasogezewa maji ya kunawa, na akitaka kuinuka anapigiwa kelele na watu watatu kwa pamoja: kaa bibi, utaanguka! Baada ya miezi michache bibi huyo huyo hawezi kutoka mkekani bila kuvutwa mikono yote miwili. Siku akijaribu peke yake anaanguka kweli, na safari hii anavunjika. Tunatikisa vichwa, tunasema uzee huo.

Mimi nasema uzee unasingiziwa. Ni kweli misuli hupungua umri unavyokwenda, macho hufifia, nyayo hazihisi ardhi kama zamani. Hayo yapo na hayakwepeki yote. Lakini sehemu kubwa ya ule udhaifu tunaouona barazani tumeutengeneza sisi wenyewe, tena kwa mapenzi. Mzee akilala kitandani siku kumi tu, hata kama hana ugonjwa wowote, miguu yake hupoteza nyama na nguvu kwa kiasi kinachopimika. Sasa fikiria miezi mitatu ya mkekani. Kijana akipoteza nguvu za miguu huzirudisha haraka. Mzee huzirudisha polepole, na asipofanyiwa mpango hazirudi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Katika ajali zisizokusudiwa, ni ajali za barabarani peke yake zinazoua watu wengi kuliko kuanguka. Tunahesabu bodaboda, tunahesabu mabasi, lakini mzee aliyeteleza njiani kwenda chooni akafa baada ya wiki sita hatumwingizi katika hesabu ya ajali. Tunasema aliugua.

Na kwa mtu wa Nalasi kuvunjika nyonga si jambo la mchezo. Kijiji chetu kiko kusini mwa Tunduru, kuelekea Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Mgonjwa atapelekwa Mbesa kwenye hospitali ya misheni au Tunduru mjini, na ikibidi apelekwe hospitali ya mkoa Songea, kutoka Tunduru ni zaidi ya kilomita 250. Anayesafiri hivyo ni mtu wa miaka sabini na kitu, mguu umevunjika juu kabisa, kwenye shingo ya paja. Wengi hawafiki huko. Wanalazwa nyumbani, wanakandwa, wanafungwa vijiti, na kinachowaua mara nyingi si ule mfupa. Ni vidonda vya mgongoni na makalioni, ni nimonia, ni damu inayoganda kwenye mishipa ya mguu usiotembea. Ndiyo maana sitaki kuzungumzia tiba ya kuvunjika. Nataka kuzungumzia namna ya kutoanguka.

Mtu anasimamaje bila kuanguka? Macho yanaangalia. Ndani ya sikio kuna viungo vidogo vinavyotambua kichwa kimeelekea wapi. Nyayo na magoti vinapeleka habari za ardhi, kama ni tambarare, kama ni mteremko, kama inateleza. Ubongo unapokea habari hizo zote, unaamua, unaiamuru misuli, na misuli inatakiwa iitikie papo hapo. Sasa mtazame mzee wako saa tisa usiku anapobanwa na haja. Anaamka ghafla, damu haijapanda kichwani, anaona kizunguzungu. Giza, macho hayamsaidii. Amevaa ndala zilizolika soli, nyayo hazipati habari. Ana haraka. Choo kiko uani, na kama ni kati ya Desemba na Aprili njia ni tope. Kilichobaki kumwokoa ni misuli na ubongo, na misuli tumeshaiua mkekani.

Ubongo nao una habari yake, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana watu wengi hudhani kuanguka ni mambo ya miguu tu.

Mwaka 1997 watafiti wa mji wa Umeå, Uswidi, walichapisha utafiti mfupi sana katika jarida la Lancet. Walifanya jambo ambalo hata mimi na wewe tunaweza kulifanya. Walitembea na wazee 58 waliokuwa wakiishi kwenye makao ya wazee, na katikati ya safari wakaanzisha mazungumzo. Wazee 12 walisimama kabisa ili waweze kujibu. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya wale 12 walianguka. Maana yake ni hii: kutembea, ambako kijana hufanya bila kufikiri, kwa wazee wale kulikuwa kumegeuka kazi inayohitaji akili yote. Ukiwaongezea kazi ya pili, hata ndogo kama kujibu swali, moja kati ya hizo mbili lazima isimame.

Ukilijua hilo utaanza kuona mambo ya ajabu hapo kwenu. Babu anavuka mtaro, mjukuu anamwita kwa nyuma: babu, simu yako inaita! Babu anageuka huku mguu uko hewani. Mama amebeba beseni la mihogo anapanda ngazi ya baraza, jirani anamsalimia na kumuuliza habari za mgonjwa. Wengi huanguka wakati huo. Kwa hiyo nasema kwanza, mzee akiwa anavuka, anapanda, anashuka au anageuka, usimwite. Msubiri afike, msalimie akiwa amesimama kwa miguu yake miwili.

Hata hivyo huwezi kuizuia dunia yote isimwite babu yako. Dawa ya kweli ni kuufundisha ubongo na mwili kufanya kazi mbili kwa pamoja, na jambo hilo linafundishika. Kule Geneva, Uswisi, watafiti wakiongozwa na daktari Andrea Trombetti walichukua watu 134 wenye zaidi ya miaka 65 ambao walikuwa katika hatari ya kuanguka. Mara moja kwa wiki, kwa miezi sita, kundi moja kati yao waliletwa darasani wakatembea kwa kufuata piano. Muziki ukibadilika, hatua zinabadilika. Muziki ukienda haraka, unaharakisha, ukikatika, unasimama, mara nyingine unatakiwa uwe umeshika kitu mkononi au upige makofi kwa mapigo tofauti na miguu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliofuata muziki walianguka chini ya nusu ya mara walizoanguka wale ambao walikuwa bado wanasubiri zamu yao.

Nilipoyasoma hayo nilifikiria ngoma zetu. Mkoa wetu wa Ruvuma una lizombe ya Wangoni, una mganda na kioda za kule Nyasa, na huku kwetu Tunduru wazee wetu Wayao waliicheza beni kwa safu na kwa hatua za kijeshi, kila mmoja akisikiliza tarumbeta na ngoma ajue lini kugeuka. Kwenye unyago bibi zetu ndio mafundi, wanajua ni pigo gani linaitikiwa kwa mguu gani. Mtu anayecheza vile hufikiri na kukanyaga kwa wakati mmoja, huhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, hugeuka, huinama, huku anaimba na kukumbuka maneno. Ni lile lile la Geneva, bila piano. Tofauti ni kwamba wenzetu wamelifanya kila wiki kwa mpangilio, sisi tunasubiri harusi, na harusi ikija tunawaweka wazee kwenye viti vya mbele watazame. Naomba jambo hilo libadilike. Ngoma ikipigwa, bibi aitwe katikati. Na isipokuwepo harusi, ipigwe ngoma moja ya wazee Ijumaa jioni au siku yoyote itakayowafaa, nusu saa inatosha.

Akili yenyewe nayo inahitaji kazi. Hapa Tanzania tuna mfano wa kujivunia. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba takriban asilimia 6.4 ya watu wa umri huo wana ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu, ule ambao sisi tunauita utoto wa uzeeni na kuunyamazia. Hawakuishia kuhesabu. Baadaye, katika wilaya hiyo hiyo, wazee 34 wenye hali hiyo waliwekwa kwenye vikundi vidogo, wakafanya vikao 14 kwa wiki saba: mazungumzo, nyimbo, michezo, kukumbuka mambo ya zamani, kutaja majina ya vitu. Hakuna dawa waliyopewa. Kumbukumbu zao zilipimwa kabla na baada, zikaonekana kuwa bora. Utafiti ule haukupima kuanguka, na sitaki kuutwisha mzigo ambao si wake. Lakini inajulikana kwamba mzee mwenye kumbukumbu hafifu huanguka zaidi kuliko mwenzake, kwa hiyo kila kinachoichangamsha akili kinaihusu na miguu.

Mtaniambia Nalasi tuna bao. Naam, na bao ni mazoezi makubwa ya akili. Mashimo 32, kete 64, unahesabu kichwani kete zitafika wapi kabla hujazishika, na unamsoma mwenzio anataka nini. Mwalimu Nyerere aliupenda mchezo huo na alicheza na wazee wenzake Butiama. Kasoro yake ni moja tu, watu wanakaa kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, magoti yamekunjwa, mgongo umepinda. Babu zangu, chezeni bao, ila kila mchezo ukiisha, aliyefungwa na aliyefunga wote wasimame na kuketi mara tano bila kushika kitu ndipo mwanzishe mwingine. Na anayetaka ugumu zaidi, asimame kwa mguu mmoja, mkono umeshika nguzo, huku anahesabu kete kurudi nyuma: sitini na nne, sitini na mbili, sitini. Mtaona jinsi mguu unavyotetemeka hesabu inapokuwa ngumu.

Sasa nitawaomba wazee msimame, kama nilivyosema. Chukua kiti. Kama ni cha plastiki, kiegemeze ukutani kwanza, maana viti hivi huteleza. Keti, miguu chini, mikono ikunje kifuani. Inuka. Keti tena polepole, usijitupe. Fanya mara tano. Kijana wa hapo nyumbani aangalie saa ya simu. Mara hizo tano zikichukua zaidi ya sekunde 15, au ukishindwa kuinuka bila mikono, miguu yako inahitaji kazi, na usiudhike, umepata habari yenye manufaa. Kesho anza na mara tatu ukisaidiwa na mikono, keshokutwa nne.

Kuna wanaosema wamechelewa, miaka themanini imeshapita. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, waliwapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wakazi 10 wa makao ya wazee, watu wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Baada ya wiki nane, nguvu za mapaja ya waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha mikongojo waliyokuwa wakitembelea. Umri wa miaka tisini, na misuli iliitikia! Sisi tunamwambia mama wa miaka 65 akae.

Huko New Zealand walitengeneza mpango unaoitwa Otago, kwa jina la jimbo lao. Mtaalamu humfuata mzee nyumbani, anampa mazoezi machache ya miguu na ya kusimama imara, nusu saa mara tatu kwa wiki, na kutembea mara mbili kwa wiki. Kuanguka kulipungua kwa asilimia 35, na waliofaidika zaidi walikuwa wale wa miaka themanini na kuendelea. Mwaka 2019 jopo lililoongozwa na Catherine Sherrington wa Sydney lilikusanya majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25 na kukuta kwamba mazoezi, yakichukuliwa yote kwa jumla, hupunguza kuanguka kwa asilimia 23. Yaliyofanya vizuri ni yale yanayoujaribu mwili katika kusimama na kujimudu. Kutembea peke yake ni kuzuri kwa moyo na kwa presha, ila hakutoshi kuzuia kuanguka. Lazima uwepo ugumu kidogo wa kusimama, kiasi kwamba unayumba na kujirudisha.

Ugumu huo unapatikana barazani kwako. Shika nguzo kwa mkono mmoja, inua visigino usimame kwa vidole, shuka polepole, mara kumi. Tembea kando ya ukuta, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kiganja kikiwa karibu na ukuta. Panda kizingiti na kushuka, mguu wa kulia utangulie, kisha wa kushoto. Ukishazoea, ongeza akili: taja wajukuu wako kwa mpangilio wa kuzaliwa, taja vijiji kutoka Nalasi mpaka Tunduru mjini, kumbuka bei ya korosho kwenye minada ya chama cha ushirika TAMCU msimu baada ya msimu. Kijana asimame karibu, mikono tayari ila isimshike. Akimshika, anayefanya mazoezi ni kijana.

Na kuna mazoezi ambayo wazee wetu Waislamu wanayo mara tano kwa siku bila kwenda popote. Kuinama rukuu, kushuka sijida, kuinuka kutoka sakafuni mpaka kusimama wima: fundi wa viungo angetaka kukutungia zoezi la mapaja angetunga linalofanana na hilo. Aliye mgonjwa dini yenyewe imempa ruhusa ya kuswali ameketi, na simgusi. Namsemea yule ambaye magoti yake bado yanaweza, ila watoto wamemnunulia kiti na kumshawishi aanze kuketi mapema. Aachwe ashuke chini na kuinuka kadiri awezavyo, hata kwa kushika kiti hicho hicho.

Kuokota korosho nako ni hivyo hivyo. Kuinama, kunyonga bibo litoke, kusogea hatua mbili, kuinama tena, asubuhi nzima kwenye kivuli cha mkorosho pamoja na wenzake wanaopiga soga. Bibi akiachwa nyumbani anakosa mwili, anakosa na maongezi. Mpeni kikapu kidogo, asibebe ndoo ya lita ishirini kichwani, arudi jua halijawa kali. Lakini aende.

Hofu nayo ni ugonjwa. Mtu aliyewahi kuanguka huanza kutembea kwa kujikaza, hatua fupi za kuburuza, macho chini, na mwendo huo wenyewe humwangusha. Hofu hiyo haiondolewi kwa kumwambia asiogope. Inaondoka pale anapogundua kwamba akifika chini anajua namna ya kuinuka.

Kwa hiyo mfundisheni kuinuka, siku ambayo hajaanguka, mkekani, kwa utulivu. Alale chali. Avute pumzi, asikurupuke. Akunje goti moja, ajigeuze ubavu. Ajisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka apige magoti na viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Atambae mpaka kwenye kitu kisichosogea: kitanda, kinu kizito, ngazi ya baraza. Aweke viganja vyote viwili juu yake. Mguu wenye nguvu zaidi auweke mbele, unyayo chini, goti limekunjwa. Asukume kwa mikono na kwa mguu huo, ageuze makalio, aketi. Apumzike kabla ya kusimama. Mara ya kwanza itamchukua muda na atacheka au atakasirika. Rudieni kila wiki. Mzee anayeishi peke yake akilijua hili, hatalala sakafuni usiku kucha akisubiri jirani aamke.

Lakini kama ameanguka na mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwingine, unyayo umegeukia nje, au ana maumivu makali kwenye kinena na hawezi kukanyaga, hapo asiinuliwe wala asikandwe. Msimvute mguu kuunyoosha. Wekeni kanga au shuka iliyokunjwa katikati ya miguu, mfungeni taratibu miguu ikae pamoja, mbebeni na kitanda au ubao. Asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu mnayajua, ila hayafanywi. Tochi ndogo au taa ya sola iwekwe pale mkono wa mzee unapofika akiwa amelala. Ndala zilizolika zitupwe. Chooni chimbieni mti imara wa kushika, maana kuchuchumaa na kuinuka bila kitu cha kushika ni kazi ngumu kwa magoti ya zamani. Kanga na kanzu zisiburuze. Akiamka usiku aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu mpaka ishirini ndipo asimame. Anayetumia dawa za presha au za usingizi na anaona kizunguzungu, amwambie mganga wa kituo cha afya, asiziache kimyakimya. Mtoto wa jicho hupasuliwa, na macho yakirudi, kizingiti kinaonekana.

Nimalizie na pa kuanzia. Desemba 2016 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akaelekeza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Mijini tumewaona vijana na watumishi wamevaa jezi wakikimbia. Mzee wa kijijini hakuiona hiyo kuwa siku yake, na hakuna aliyemwambia kwamba inamhusu yeye kuliko hata kijana. Na mfano wa mzee wa mazoezi tunao: Rais wetu wa awamu ya pili, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyetutoka Februari 2024 akiwa na miaka 98, alijulikana kwa kupenda mazoezi, na wengi tulimwona akitembea mwenyewe kwenye hafla katika umri ambao wengine hubebwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003, na mabaraza ya wazee yapo vijijini. Yakikutana huzungumzia vitambulisho vya matibabu bila malipo, dirisha la wazee, ugomvi wa mashamba. Ni mambo ya haki yao, yaendelee. Ombi langu kwa baraza la wazee la Nalasi na kwa mwenyekiti wa kijiji: kikao kijacho, kabla ya ajenda ya kwanza, wajumbe wote wasimame. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aalikwe, aongoze dakika kumi. Kuinuka kitini, kuinua visigino, hatua za kando kwa kufuata ngoma ya mtu mmoja, huku wote wanahesabu kwa sauti, wakifika ishirini warudi nyuma mpaka moja. Katibu aandike nani aliweza mara ngapi. Kikao kinachofuata waanze na orodha hiyo.